Tezi usiyoweza kuifungua uione: seli za mgonjwa mwenyewe zinavyotumika kuchunguza magonjwa ya homoni

Tezi ya pituitari iko chini ya ubongo, kwa ndani kabisa nyuma ya pale pua inapoanzia kati ya macho, imekaa kwenye kishimo cha mfupa, uzito wake kama nusu gramu tu na ukubwa wake ni wa punje ya njegere. Lakini hiyo hiyo ndo inayoisukuma thairoidi, tezi ya shingoni, ifanye kazi, ndo inayoziambia adrenali, tezi za juu ya figo, zitoe kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili misukosuko, ndo inatoa homoni ya ukuaji, maziwa ya mama yanaitegemea, hedhi inaitegemea, mbegu za kiume pia. Sasa mtoto akizaliwa na pituitari ambayo haikukua vizuri, sukari inashuka, manjano haiishi, baadae hakui kama wenzake, na daktari akipima damu ataona homoni hii iko chini na ile iko chini, akipiga MRI ataona tezi ni ndogo, basi, mwisho wa kuona ni hapo. Kwanini imekuwa ndogo, ilikwama hatua gani, hamna kipimo cha hospitali kinachojibu hilo, manake huwezi kumkata mtoto kipande cha pituitari ili ukakiangalie kwa darubini, na hata ungeweza ungekuta mabaki tu, kazi iliharibika zamani sana akiwa bado tumboni, wiki za mwanzo ambazo mama mwenyewe pengine hajajua kama ana mimba.

Hilo ndo tatizo la magonjwa mengi ya tezi na ndo maana nimeamua niandike kwa urefu. Unaona matokeo, huoni mwanzo. Na wazazi wanauliza swali la haki kabisa, imetokea wapi, mtoto anayefuata atakuwaje, na mara nyingi jibu wanalopewa ni kwamba ni bahati mbaya.

Mtu atasema si kuna panya wa maabara. Wapo na wamesaidia sana, ila kwenye homoni panya anatuangusha sehemu nyeti. Chukua adrenali. Za binadamu zinatoa kotisoli pamoja na homoni zenye nguvu ya kiume, za panya homoni yake kuu ni kotikosteroni na hizo za kiume hazitoi, kwasababu kuna kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini, ambacho kwenye adrenali ya panya hakifanyi kazi kabisa. Kwa hiyo ugonjwa ambao shida yake kubwa ni kotisoli kukosekana na homoni za kiume kufurika, utausoma vipi kwa mnyama ambaye hana yote mawili? Unaweza kupata kipande cha picha, siyo picha yenyewe.

Hapo ndo inapoingia kazi iliyofanyika Kyoto, Japani. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na mwenzake Kazutoshi Takahashi walichukua seli za kawaida za panya, zile zinazoshikilia ngozi, wakaziingizia jeni ambazo huwa zinafanya kazi kwenye kiinitete, mimba ikiwa changa kabisa. Walianza na jeni 24, wakawa wanapunguza moja moja kuona ipi ina umuhimu, wakabaki na 4. Hizo 4 zilitosha kuirudisha seli ya ngozi kwenye hali ya mwanzo ambapo haijachagua kuwa kitu chochote, yaani ikawa seli shina ambayo ukiielekeza inaweza kuwa moyo, neva, kongosho, chochote. 2007 wakafanya hivyo hivyo kwa seli za binadamu. 2012 Yamanaka akapata Nobel pamoja na Mwingereza John Gurdon, ambaye tangu 1962 alishaonyesha kwa vyura kwamba kiini cha seli iliyokomaa bado kina maelekezo yote ya kutengeneza mwili mzima, hakuna kilichofutwa, vimefungwa tu.

Kabla ya hapo seli shina za binadamu zilikuwepo, James Thomson kule Wisconsin Marekani alizipata 1998 kutoka kwenye viinitete, na mjadala wa kimaadili ulikuwa mkali, na mimi naona ulikuwa mjadala wa lazima. Ila hata ukiweka maadili pembeni, seli za kiinitete zilikuwa na upungufu mkubwa kwa anayetafuta chanzo cha ugonjwa: kiinitete hakina historia. Hujui angekuja kuumwa nini. Seli za mgonjwa zinakuja na historia yote, unajua alianza kuumwa lini, dada yake yukoje, dawa gani ilimsaidia, MRI yake inaonyesha nini, na DNA yake yote, hitilafu zake zote na zile tofauti ndogo ndogo ambazo hakuna anayejua kazi yake, imo humo humo.

Kwa vitendo inaenda hivi. Mgonjwa anatoa damu kidogo, au kipande kidogo cha ngozi. Seli zinaingiziwa zile jeni 4, siku hizi maabara nyingi zinatumia kirusi cha Sendai ambacho kimedhoofishwa na hakijichomeki kwenye DNA ya mtu, tofauti na virusi vya mwanzo vilivyokuwa vinajichomeka popote na kuleta wasiwasi wa kansa. Wiki kadhaa zinapita, kwenye kisahani vinaanza kuonekana vikundi vya seli zilizobana pamoja, wanachagua vilivyo vizuri, wanakagua kromosomu zisiwe zimeharibika njiani, na kuanzia hapo una seli za huyo mtu zinazoweza kuzaliana bila kikomo, unazigandisha, unazitoa ukizihitaji.

Kazi ngumu inaanza baada ya hapo. Seli shina haijui inatakiwa iwe tezi gani, lazima uipitishe njia ile ile ambayo mimba ingeipitisha, kemikali moja kwa siku kadhaa, unaitoa, unaweka nyingine, kiasi fulani na siku fulani, ukichelewa au ukizidisha inakuwa kitu kingine. Kwa seli za kongosho zinazotoa insulini ilichukua dunia miaka mingi mpaka 2014 ndo kundi la Douglas Melton pale Harvard likatoa njia inayozalisha seli nyingi zinazoitikia sukari, na njia yenyewe inachukua kama mwezi hivi. Thairoidi nayo, kundi la Sabine Costagliola kule Brussels lilitengeneza tishu ya thairoidi kutoka seli shina za panya mwaka 2012, wakaipandikiza kwa panya waliokosa homoni ya thairoidi na homoni ikarudi, na 2015 watafiti wa Boston wakatumia seli za watoto waliozaliwa na upungufu wa homoni hiyo kwa sababu ya hitilafu kwenye jeni ya NKX2-1.

Ila pituitari ndo iliyonifanya niipende hii sayansi, naomba nikae hapo kidogo.

Pituitari ya mbele, ile inayotoa homoni nyingi, haitokani na ubongo. Inatokana na tishu ile ile inayotengeneza paa la mdomo. Mimba ikiwa na wiki kama 4 hivi kipande cha hiyo tishu kinajikunja kupanda juu, kinakutana na sehemu ya chini ya ubongo inayoitwa haipothalamasi, na pale vinapogusana haipothalamasi inatuma ishara za kemikali zinazoiambia ile tishu ya mdomo wewe utakuwa tezi. Bila kugusana hamna tezi. Kwa hiyo ukijaribu kutengeneza pituitari peke yake kwenye kisahani unakwama, na watu walikwama kweli. Mwaka 2011 Hidetaka Suga na Yoshiki Sasai, Sasai alikuwa kwenye taasisi ya RIKEN mjini Kobe, wakatumia seli shina za panya kuotesha vyote viwili kwa pamoja ndani ya kidonge kimoja cha seli kinachoelea, nje tishu ya mdomo, ndani haipothalamasi, wakaviacha viongee vyenyewe. Kikajikunja. Seli zenyewe zilijua la kufanya, mtafiti kazi yake ilikuwa kuweka mazingira tu. Wakapandikiza hizo seli kwa panya waliotolewa pituitari na homoni ya kuamsha adrenali ikarudi. 2016 wakaonyesha inawezekana na kwa seli za binadamu. Vidonge vya namna hii vinaitwa oganoidi, kipande kidogo cha tishu chenye mpangilio wa kiungo bila kuwa kiungo kamili.

Sasa njoo kwa mgonjwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kobe wakiongozwa na Yutaka Takahashi, Suga naye akiwemo, walitoa matokeo ya mgonjwa aliyezaliwa na pituitari isiyokua. Kwenye DNA yake alikuwa na hitilafu kwenye jeni ya OTX2, na hitilafu iko kwenye nakala moja tu kati ya mbili. Wakatengeneza seli shina kutoka kwake, wakaotesha oganoidi, na oganoidi ikaugua mbele ya macho yao: seli changa zilizotakiwa ziwe pituitari zilikuwa zinakufa kwa wingi, na seli zenye kutoa homoni hazikutokea kama inavyotakiwa.

Hapo mtu angeweza kusema basi, tumejua, jeni mbovu tezi mbovu. Lakini wao walienda mbele wakauliza, ubovu uko upande upi? Ni kama mche uliokauka kitaluni, mbegu ndo ilikuwa mbaya au udongo? Na jibu lilikuwa udongo. OTX2 ilikuwa inahitajika kwenye haipothalamasi, siyo kwenye tishu inayogeuka kuwa tezi. Haipothalamasi yenye hitilafu ilikuwa inatoa kidogo mno ishara inayoitwa FGF10, na kwa kuwa ishara ni ndogo, tishu ya mdomo ikashindwa kuwasha jeni yake ya LHX3, na bila LHX3 zile seli changa haziwezi kuendelea kuishi. Yaani tezi inayoonekana mgonjwa kwenye MRI yenyewe haikuwa na kosa, iliharibikiwa kwa sababu jirani yake hakuongea kwa sauti ya kutosha. Kwa damu ya mgonjwa usingejua hilo kamwe, MRI isingekuambia, na hata tezi yenyewe ukiishika mkononi isingekuambia.

Na kuna jambo moja ambalo kwangu ndo linatenganisha utafiti wa maana na hadithi nzuri. Binadamu wawili wanatofautiana kwenye mamilioni ya sehemu za DNA. Ukilinganisha oganoidi ya mgonjwa na oganoidi ya mtu mwenye afya ukaona tofauti, utajuaje ni ile hitilafu moja na siyo hayo mengine mengi? Basi walihariri jeni. Wakachukua seli za mgonjwa yule yule wakasahihisha hitilafu ya OTX2 peke yake, kila kitu kingine kikabaki kama alivyozaliwa, na oganoidi ikapona. Alafu wakafanya kinyume, wakachukua seli za mtu mwenye afya wakamharibia nakala moja ya OTX2, na oganoidi ikaugua namna inayofanana. Ukirekebisha kinapona, ukiharibu kinaugua, huo ndo ushahidi. Ukisoma taarifa yoyote ya utafiti wa seli za wagonjwa tafuta kama walifanya hivyo, kama hawakufanya basi soma kwa tahadhari.

Nirudi kwenye adrenali nilizozitaja. Kuna ugonjwa wa kurithi ambapo mtoto anakosa kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza kotisoli, kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa tatizo liko kwenye jeni ya CYP21A2. Pituitari inaona kotisoli hamna, inazidi kuzipigia kelele adrenali, adrenali zinavimba, malighafi inaenda kutengeneza homoni za kiume, mtoto wa kike anaweza kuzaliwa na sehemu za siri zinazofanana na za mvulana, na kwa wenye aina kali chumvi inapotea mwilini, wiki ya pili au ya tatu mtoto anatapika, anaishiwa maji, shinikizo linashuka, na asipojulikana mapema anakufa huku watu wakidhani ni kuhara au ni maambukizi. Watoto wa kiume ndo wanaopotea kirahisi zaidi kwa sababu kwa nje hawana dalili yoyote ya kumshtua mkunga. Huu ugonjwa unaniuma sana, dawa yake ni ya zamani, haidrokotisoni, inafahamika vizuri.

Leonardo Guasti na wenzake London mwaka 2018 walionyesha njia tofauti kidogo. Badala ya kuirudisha seli mpaka mwanzo kabisa, walichukua seli kutoka kwenye ngozi, damu na hata mkojo, mkojo jamani, hamna hata sindano, wakawasha ndani yake jeni inayoitwa SF1 ambayo ndo bosi wa tezi zinazotengeneza homoni za aina hiyo, na seli zikaanza kutengeneza homoni. Za wagonjwa zikashindwa kutoa kotisoli ya kutosha, kama wenyewe walivyo. Walipoziwekea jeni nzima ya kimeng'enya kilichokosekana, kotisoli ikapanda. Na hiki ni kitu ambacho kwa panya usingekiona, manake tulishasema panya hatengenezi kotisoli.

Faida nyingine ni kujaribu dawa. Ugonjwa wa Wolfram unatokana na jeni ya WFS1, mtoto anapata kisukari, baadae macho yanafifia mpaka upofu, masikio yanapoteza kusikia, na wengi wanakojoa maji mengi kwa kukosa homoni ya kuzuia mkojo. Mwanzoni anaweza kudhaniwa ana kisukari cha kawaida cha watoto, kumbe kinga ya mwili haihusiki kabisa. Watafiti wa Columbia New York mwaka 2014 walitengeneza seli za insulini kutoka kwa wagonjwa hawa wakakuta kile kiwanda cha ndani cha seli kinachokunja protini kimezidiwa, na dawa ambayo tayari ipo kwa ugonjwa mwingine, fenibutireti, ikazipunguzia seli hizo mzigo na insulini ikaongezeka. Mwaka 2020 kundi la watafiti wa St. Louis, Marekani, lilisahihisha jeni yenyewe, wakapandikiza seli kwa panya wenye kisukari na sukari ikarudi kawaida. Kisha mchanganyiko wenye fenibutireti ukaanza kujaribiwa kwa wagonjwa 12 watu wazima, na matokeo ya mwanzo ya 2024 yalionyesha kongosho zao zinatoa insulini vizuri kidogo kuliko mwanzo. Ni watu wachache na hawakulinganishwa na waliopewa dawa ya uongo, kwa hiyo haijawa uhakika, lakini ona njia iliyopitiwa, kutoka kwenye kisahani mpaka kwa binadamu.

Sasa mipaka yake, na ni mikubwa. Ukirudisha seli mwanzo unaifuta umri. Seli ya mtu wa miaka 50 inakuwa changa, na tezi unayoiotesha inafanana zaidi na ya mimba kuliko ya mtu mzima. Kwa mtoto aliyezaliwa na hitilafu hiyo ni faida, kwa magonjwa yanayokuja uzeeni ni kikwazo. Pili, seli za mtu mmoja, kikundi hiki na kile vinaweza kutofautiana, kwa hiyo lazima vitumike vikundi kadhaa. Tatu, magonjwa ambayo kinga ya mwili ndo inashambulia tezi, mfano kisukari cha aina ya kwanza au thairoidi kuvimba kwa kushambuliwa, kwenye kisahani hamna kinga, lazima uiongeze na ni kazi ngumu. Na uvimbe wa pituitari, huo mwingi haurithiwi kabisa, hitilafu kama ile ya jeni ya GNAS inayoonekana kwa baadhi ya watu wanaokua mikono na taya ukubwani imetokea ndani ya seli moja ya tezi, kwenye damu yake haipo, kwa hiyo seli shina kutoka damu yake zitakuwa safi na zisikuambie kitu mpaka wewe mwenyewe uiingize hiyo hitilafu.

Na tafadhali tusichanganye kuchunguza na kutibu. Ni kweli matibabu yameanza kujaribiwa, mwaka 2024 watafiti wa China walitoa taarifa ya mwanamke wa Tianjin mwenye kisukari cha aina ya kwanza aliyewekewa tumboni seli za insulini zilizotengenezwa kutoka kwake mwenyewe, na baada ya siku 75 akaacha kujichoma insulini, bado akiwa hivyo mwaka mmoja baadae. Lakini soma na upande wa pili, yule alikuwa tayari anatumia dawa za kushusha kinga kwa sababu alishapandikizwa ini, kwa hiyo haijulikani kama kinga ingeziacha salama. Mtu akikuambia mtandaoni ana sindano au vidonge vya seli shina vinavyotibu kisukari, thairoidi na ugumba kwa pamoja, huyo anauza kitu kingine. Usimwachishe mtoto insulini wala haidrokotisoni kwa ajili ya ahadi ya namna hiyo, kwa magonjwa haya kuacha dawa siku chache tu kunaua.

Kuna swali linalotuhusu sisi moja kwa moja. Seli shina nyingi zilizohifadhiwa kwenye benki za utafiti duniani ni za watu wenye asili ya Ulaya, wakati Afrika ndo yenye tofauti nyingi zaidi za DNA kuliko bara lolote. Hitilafu za jeni za tezi walizonazo watoto wetu zinaweza zisiwe zile zilizosomwa Kobe au London. Nairobi tangu 2008 kuna mafunzo ya madaktari wa homoni za watoto kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo wanaowatambua hawa watoto wanaongezeka, na kadri wanavyotambuliwa ndivyo maombi ya sampuli yatakavyokuja.

Yakija, mzazi aulize mapema kabla ya kusaini. Damu ya mtoto inaenda maabara gani, seli zitakaa muda gani, manake zinaweza kuishi kuliko mtoto mwenyewe, nani mwingine atapewa, kampuni ikitengeneza dawa kutokana nazo makubaliano yanasemaje, mtoto akifika miaka 18 akisema hataki ziendelee kutumika inawezekana zitolewe, na wakigundua kitu kwenye DNA yake kinachowahusu ndugu zake, familia itaambiwa na nani.